Kitunguu Kilichobaki Cheupe

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa redio wameniomba niandike "mambo machache" kabla sijayasahau. Nawajua. Wanataka nieleze jinsi kipindi cha Vya Kuokota kilivyopata wasikilizaji kutoka Masasi mjini mpaka kule ukingoni Newala, unakosimama ukaona bonde lote la Ruvuma. Nitaeleza. Lakini ninyi mnaokalia kiti kile leo, mnaopekua simu kwa kidole gumba mkitafuta cha kuwafurahisha watu kabla ya saa nne asubuhi, mnivumilie, maana kwangu mimi sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa woga. Sikuwahi kuingia chumba cha matangazo bila tumbo kunisokota. Miaka ya kwanza nilikwenda kupima minyoo.

Sikuajiriwa kusoma kitu chochote hewani. Niliajiriwa kuchapa matangazo: vifo, mbuzi waliopotea, mikutano ya wakulima, vyeti vya shule vilivyodondoka stendi. Kuchapa nilifundishwa na baba yangu, aliyekuwa mwalimu huko Chidya, kwa mashine iliyong'oka herufi ya K. Kwa hiyo mpaka nafika redioni nilikuwa nachapa haraka sana, ila kila nilipokutana na neno "korosho" kidole kilisita.

Redio yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu chini ya mlima wa mawe. Kompyuta ilikuwa moja, ina kisogo kama sanduku la bati, na mtandao ulikuja kwa waya wa simu pale ulipojisikia kuja. Picha ilikuwa inashuka mstari kwa mstari kutoka juu. Ukifungua picha ya mtu, unakwenda kunywa chai, ukirudi unakuta imefika kwenye nyusi. Hapo ndipo nilipoanza tabia yangu mbaya. Nikingoja tangazo la kifo lithibitishwe na ndugu, nilikuwa napekua. Nilitaka kuona kuna nini huko duniani.

Siku moja nilisoma habari ya mnyama mmoja wa Australia ambaye kinyesi chake hutoka na pembe nne, kama tofali dogo. Nilicheka mpaka machozi. Mzee Akwilini akachungulia mlangoni. Alikuwa fundi mitambo na pia msimamizi wa vipindi, mtu wa Newala, aliyevaa sweta mwaka mzima kwa mazoea ya baridi ya kwao ingawa Masasi jua lilikuwa linachoma.

"Mama Tumaini, unachapa kifo au harusi?"

Nikaona haya. Nikamsomea. Hakucheka. Alivuta kiti, akasema nimsomee tena, polepole, bila kucheka mwenyewe. Nilipomaliza akaniambia, "Kesho utaisoma hewani baada ya salamu. Dakika mbili. Ukicheka wewe, msikilizaji hana kazi tena."

Kesho yake niliisoma nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Mwashi mmoja alipiga simu kuuliza kama mnyama huyo anafugika. Hivyo ndivyo Vya Kuokota ilivyozaliwa, na jina lilitoka kwa Mzee Akwilini. Alisema korosho nzuri huichumi, unangoja idondoke, kisha unainama.

Alinifundisha kazi bila kuiita mafunzo. Alinikatia karatasi kutoka migongo ya kalenda za zamani, kila moja saizi ya kiganja, na habari isiyoenea kwenye karatasi ile haikwenda hewani. "Msimulie mama anayebangua korosho," aliniambia. "Mikono yake ina kazi, macho yake yako motoni. Umeachiwa sikio peke yake, usilichezee." Nilimsimulia mama huyo kwa miaka. Nilimsimulia pia habari za watu wa nchi ya baridi wanaoshindana mbio wakiwa wamebeba wake zao mgongoni, na mbuzi wanaopanda juu ya miti kula matunda. Kuhusu mbio zile, wanaume wa Kitangari walituma salamu kwamba wao wanawaona wake zao wakipanda kilima na ndoo ya maji kichwani kila siku na hakuna aliyewapa zawadi. Ukweli ni kwamba salamu ile iliandikwa na wanawake.

Mzee Akwilini alistaafu, na miaka miwili baadaye akafariki. Tangazo lake nililichapa mimi.

Halafu zikaja simu za kioo, na kazi ikageuka. Zamani nilikwenda kukitafuta kitu; sasa vitu vilianza kunitafuta mimi. Nikiamka asubuhi nilikuta magrupu yamejaa: video, picha, sauti, dawa, maajabu. Redio nayo ilifungua ukurasa wake, na nikapewa kazi ya kuweka humo picha moja ya kufurahisha kila asubuhi.

Picha iliyonifundisha adabu ilikuwa ya baba mmoja juu ya baiskeli. Amefunga kitanda kizima nyuma, godoro limekunjwa kichwani, na mbele kwenye mtarimbo amekaa mama mzee amejifunika kanga. Aliyeituma alikuwa ameandika, "Maharusi wanakwenda fungate." Nikaiweka. Watu walicheka siku nzima, mimi nikafurahi.

Siku ya tatu aliingia ofisini mwanamume mwembamba, kofia mkononi. Akasalimia kila mtu. Kisha akasema, "Naitwa Nachipo, natoka Makote. Mimi ndiye mcheshi wenu."

Hakuna aliyeelewa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba yule wa mbele kwenye baiskeli ni mama yake mzazi, mgonjwa, alikuwa anamhamishia kwake ili amuuguze, na kitanda ni cha mama kwa sababu hakuweza kulala kwingine. Mama yake ameonyeshwa picha na wajukuu na ameuliza kwa nini watu wanamcheka.

"Ulitaka tufanye nini, baba?" nikamuuliza, nikiwa nimekwisha kuiondoa picha ile.

"Sijui," akasema. "Nimekuja tu ili mnione."

Akaondoka. Nilimwomba radhi hewani, nilimwomba radhi kwa simu, nilikwenda mpaka Makote. Mama yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu hapo sikuweka uso wa mtu ambaye sikumpata nikamuuliza. Nilidhani basi nimekwisha kujifunza. Nilikuwa nimejifunza kuhusu picha tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mnalijua nusu, kwa kuwa watu wa redio hunyamaza mimi nikiingia.

Ilikuwa masika, mvua zimekolea, na kando ya barabara wanawake wanauza uyoga kwenye mabakuli. Asubuhi ya siku ya Alhamisi umeme ulikatika habari niliyoiandaa ikiwa bado kwenye kompyuta. Jenereta lilipowaka zilibaki dakika tano. Nikafungua simu. Kwenye grupu moja kulikuwa na ujumbe wenye picha nzuri, umesambazwa mara nyingi, kichwa chake kikisema ni siri ya mabibi wa zamani. Ulisema hivi: ukitaka kujua kama uyoga una sumu, uchemshe pamoja na kitunguu kilichomenywa. Kitunguu kikigeuka rangi, mwaga. Kikibaki cheupe, kula bila wasiwasi.

Nikaona hiki ndicho. Kinafurahisha, kinafaa, na ni majira yake. Nikakisoma. Na kwa kuwa nilisoma kwenye simu, sikuwa na karatasi ya kiganja, nikajaza pengo kwa maneno yangu. Nilisema, "Hata bibi yangu mimi alikuwa anafanya hivyo, na tulikula uyoga miaka yote."

Bibi yangu hakufanya hivyo. Bibi yangu alichuma aina mbili tu za uyoga alizoonyeshwa na mama yake, na nyingine alizipiga teke. Sijui kwa nini nilisema vile. Najua, ila najionea aibu: ilisikika vizuri.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyumbani nafua. Simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo, Mama Tumaini."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi Mama Somoe, wa Kitangari. Namba yako nimepewa redioni. Samahani kwa kukusumbua siku ya mapumziko. Nilitaka kukuuliza kuhusu kile kitunguu."

Nikakaa juu ya ndoo.

"Juzi jioni baba Somoe alikuja na uyoga kutoka porini," akaendelea. "Mweupe, mzuri, kama umeoshwa. Mimi siujui, nikamwambia tumwage. Akasema, Mama Tumaini ametupa kipimo, na bibi yake alikitumia. Tukaweka kitunguu. Kilibaki cheupe, mama, cheupe kabisa. Mimi nilikula kidogo maana sikuwa na njaa. Baba Somoe na mtoto walikula. Alfajiri wakaanza kutapika na kuharisha, jana tukalazwa hapa hospitali ya Newala. Sasa nauliza, kitunguu kilikuwa kidogo? Maana nilikata nusu. Nilitakiwa niweke kizima?"

Hakuwa ananilaumu. Aliuliza kama mtu aliyeharibu mapishi ya mwenzake. Mpaka leo, nikiulizwa ni nini kilichoniumiza kuliko vyote, ni nusu ya kitunguu.

"Hukukosea, mwanangu," nikamwambia. "Wanaendeleaje?"

"Wamepata nafuu. Kutapika kumekoma. Tunajiandaa kurudi nyumbani."

Nikamwombea heri, nikakata simu, nikaanza kusoma. Safari hii sikusoma kwenye magrupu. Nilitafuta maandishi ya madaktari na ya watu waliosomea uyoga, nikayapitia kwa mwendo wa mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofariki. Yote yalisema neno moja. Hakuna kipimo cha jikoni. Si kitunguu, si kijiko, si chumvi. Na yalisema jambo la pili, lililonifanya nisimame na mapovu mikononi: uyoga ulio mbaya kuliko wote huanza kumsumbua mtu baada ya saa nyingi, humtapisha, kisha humwachia. Mgonjwa huona amepona. Siku hiyo ndiyo ini linapokufa.

Nikaipigia simu hospitali mpaka nikampata daktari wa wodi. Nikamweleza. Akapumua.

"Mama, nami nimewaambia hivyo hivyo. Nimewasihi wabaki tuwapime tena. Baba amesema palizi inamsubiri. Wametoka kama saa moja iliyopita."

Nikapiga namba ya Mama Somoe. Haikupatikana.

Nilikwenda redioni na kanga ya kufulia. Meneja alikuwepo. Nikamweleza yote, na nikamwambia naingia hewani sasa hivi.

"Tulia kwanza," akasema. "Tukitangaza kwamba redio hii ndiyo iliyowaambia watu, nani atatuamini tena? Tungoje Jumatatu, tushauriane, tutoe tangazo la jumla kuhusu uyoga. Bila kutaja kipindi."

"Leo ni Jumamosi, na mvua imenyesha usiku. Kuna mtu yuko porini anachuma muda huu."

"Nakuambia subiri, Mama Tumaini."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kitu kimoja, na mimi naogopa kingine. Nikamzunguka, nikaingia chumbani, kijana wa salamu za mchana akashtuka. Nilimwonyesha kwa mkono ashushe muziki. Sikuwa nimeandika kitu.

Nikasema, "Mimi Mama Tumaini. Alhamisi niliwaambia kwamba kitunguu hupima sumu ya uyoga. Si kweli. Niliokota mtandaoni na sikumuuliza mtu yeyote. Nilisema bibi yangu alifanya hivyo. Huo ulikuwa uongo, nilitunga papo hapo. Mtu yeyote mwenye uyoga asioujua nyumbani, amwage sasa. Aliyekwisha kuula aende hospitali, hata kama anajisikia mzima. Hasa kama anajisikia mzima."

Nikarudia mara tatu. Nilipotoka meneja alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, ameshika kichwa. Sikungoja aniambie neno.

Gari la abiria lilinifikisha Newala, na kutoka pale nikachukua bodaboda mpaka Kitangari. Ukungu ulikuwa umeshuka barabarani na dereva alikuwa anakwenda taratibu. Nilimhimiza mpaka akasimama, akaniuliza kama nataka nifike au nataka kuwahi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kwanza nijitambulishe, kisha niombe radhi, kisha nieleze. Nilipofika niliyasahau yote.

Baba Somoe alikuwa ameketi barazani anatia makali jembe kwa tupa. Mtu wa kama miaka arobaini, mabega mapana, uso umeingia ndani kidogo kwa kuumwa. Mtoto wao, Somoe, wa miaka tisa, alikuwa amelala kwenye mkeka, macho wazi. Mama Somoe alitoka jikoni, akanitambua kwa sauti nilipobisha hodi, akashika mdomo.

"Shikamoo, mama," akasema baba Somoe. "Redio imekuja nyumbani! Karibu. Mama Somoe, lete kigoda."

"Marahaba, baba. Sikai. Naomba turudi hospitali sasa hivi, wote watatu. Bodaboda ninaye hapa, mwingine tutampata njiani."

Nikaeleza. Nikatoa simu nikamsomea, nikimfasiria maneno magumu. Alisikiliza mpaka mwisho, tupa ikiwa imesimama juu ya jembe. Kisha akaniuliza kwa upole, na niaminini, hakuwa anabishana:

"Mama, juzi simu yako ilisema nile. Leo simu hiyo hiyo inasema nitakufa. Niamini ipi?"

Nimekaa na swali lile miaka mingi. 

"Usiiamini simu," nikasema. "Daktari naye alikuambia."

"Daktari alisema nibaki anipime. Nimepimwa. Sasa nimekunywa uji umekaa. Majani yanameza mihogo yangu, nikilala wiki nzima tutakula nini?" Akatabasamu kunitoa wasiwasi. "Mimi nimepona, mama. Wewe ndiye unayeonekana mgonjwa."

 Mama Somoe alikuwa anamtazama mtoto. Akainama, akamgusa tumbo upande wa kulia, na Somoe akakunja uso. Mama yake akaingia ndani, akatoka na mfuko na kanga ya pili.

"Baba Somoe," akasema, "mimi nakwenda na mtoto. Kama mama huyu kakosea tena, utanicheka kesho."

"Nendeni," akasema mumewe. "Kesho jioni nitakuja kuwacheka."

Njiani tulipata pikipiki ya pili, Mama Somoe akapanda hiyo. Somoe alikuwa kati yangu na dereva, na nilikuwa nasikia joto la mwili wake kupitia kanga. Nilikuwa nahesabu kila shimo. Nilifikiri, nikimfikisha huyu, nitarudi kumchukua baba yake hata kwa kumfunga kamba.

Nilirudi Jumapili. Nilikuta amekwenda shamba. Nikamfuata mpaka huko. Analima, jasho linamtoka, akaniambia nimsalimie mtoto. Nikamwomba mjumbe wa mtaa amshawishi. Mjumbe alikwenda, wakaongea, wakacheka. Jumatatu mchana majirani walimleta hospitali wamemshika huku na huku. Macho yalikuwa ya njano, kama yai. Alinitambua. Alitaka kusema kitu, labda ule utani wake, lakini maneno yalikuwa yamechanganyika na alianza kuongea Chimakonde na watu ambao sisi hatukuwaona. Walimpa gari wampeleke hospitali kubwa. Hakufika.

Somoe na yeye alipelekwa huko, na aliumwa sana. Kwa siku tisa nilikuwa nikisikia simu inaita naiweka chini kwanza, nafuta mikono, ndipo naipokea. Siku ya kumi Mama Somoe alinipigia akasema mtoto ameomba embe. Nikajifungia stoo.

Tangazo la kifo cha baba Somoe lililetwa ofisini siku ile ile aliyofariki. Kijana wa kuchapa aliniangalia, akataka kulificha. Nikamwambia alete. Nikalichapa mwenyewe, nikahakiki kila jina, mara nne.

Msibani nilikwenda. Niliogopa kuliko siku zote nilizokaa mbele ya kipaza sauti, lakini kutokwenda niliogopa zaidi. Nilikaa na wanawake nyuma ya nyumba, nikaanza kuchambua mchele. Shangazi mmoja wa marehemu akasema kwa sauti, "Huyo ndiye wa redio." Mazungumzo yakakatika. Nikaendelea kuchambua kwa kuwa sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Baada ya muda mama mmoja akasogeza ungo wake karibu na wangu, akamimina mchele wake ndani, tukachambua pamoja.  Sijawahi kulijua jina lake.

Mama Somoe alikuwa ametoka kwa mtoto siku ile moja tu, kuja kuzika. Alinikuta nikiaga.

"Nimesikia ulivyotangaza," akasema. "Watu wa hapa wawili walimwaga uyoga waliokuwa wamekwisha kuupika. Nimeambiwa leo."

"Mwanangu, mimi nimekuulia mume."

 Nilitaka akatae. Nakiri hilo, nilitamani sana akatae.

"Kuna siku nitasema hivyo," akajibu. "Nitakaa peke yangu nitasema ni wewe. Siku nyingine nitasema ni yeye na ubishi wake. Leo sina nguvu ya kuchagua. Nenda salama, mama."

Nikarudi Masasi, nikaandika barua ya kuacha kazi. Meneja aliisoma, akaiweka kwenye droo, akasema atanijibu. Hakunijibu. Nadhani ndivyo alivyojua kuomba radhi. Kipindi kikasimama. Nikarudi kwenye meza ya kuchapa, vifo na mbuzi, mpaka mvua zikaisha, mpaka mikorosho ikatoa maua.

Nilichofanya katika miezi ile, mbali ya kuchapa, ni kupiga simu. Nilichukua daftari kubwa, nikaanza kuandika majina ya watu wanaojua kitu kwa mikono yao: mwalimu wa baiolojia, mkunga, bwana shamba, fundi wa saa, mama mmoja wa Makote anayeuza uyoga na ambaye hajawahi kuuza aina asiyoila mwenyewe. Niliwauliza kama nikiokota jambo linalowahusu nitaruhusiwa kuwasumbua. Wengi walikubali. Fundi wa saa alisema nisimpigie Ijumaa. Daftari lile ndilo mliloliona mezani, jekundu, limefungwa kwa mpira. Wengine mmekuwa mkilitania. Litanieni, ila lifungueni.

Ujumbe wa kunirudisha hewani ulitoka Kitangari. Mama Somoe alimtuma mtu wa kwao aliyekuwa anakuja mjini. Aliniambia, "Anasema mtoto amerudi nyumbani, lakini amekuwa mkimya. Anasema zamani baba yake alikuwa anaongeza sauti saa nne, wanacheka wote. Anauliza kama kile kipindi kimekufa."

Siku tatu sikulala vizuri. Siku ya nne nilimwambia meneja narudi.

Nilichagua habari ndogo isiyopikwa wala kuliwa kama dawa: kwamba pweza ana mioyo mitatu. Niliiandika kwenye karatasi ya kiganja. Saa nne ilipofika, niliishika kwa nguvu hata karatasi ikasikika hewani. Nikasoma. Nikaacha kimya kidogo. Taa ya simu ikawaka.

"Shikamoo, bibi," ikasema sauti ya mtoto, nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Mimi Somoe, wa Kitangari."

Kijana wa mitambo akanitazama kuuliza kama akate. Nikatikisa kichwa.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Hiyo ya pweza, umemuuliza nani?"

  Nikafungua daftari ingawa nilikuwa nakumbuka.

"Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia. Na nimemuuliza mvuvi mmoja wa Mikindani."

"Wamesema nini?"

"Mwalimu amesema ni kweli, mioyo mitatu. Mvuvi amesema amepasua pweza maisha yake yote na hajawahi kuhesabu, maana akifika hapo huwa ana njaa."

 Kisha nikasikia pumzi inatoka puani, fupi, na nyuma yake sauti ya mama yake ikicheka na kujizuia.  Nilingoja. Sijawahi kungoja hukumu kwa woga kama ule.

"Basi sawa," akasema Somoe. "Endelea, bibi."